Yupo au Hayupo

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi Bariadi kutoka kijijini Zagayu na matope hadi magotini. Honi yetu ya kuwaonya watu tembo wakija imelia karibu kila siku wiki hii na tembo hakuna hata mmoja — ni ng'ombe wanaoshuka lamboni kunywa maji! Mzee Machibya, ambaye mtambo umesimikwa nyumbani kwake, anasema watoto sasa wanaicheza honi kama ngoma. Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Tatizo naliona. Vihisi tulivyofukia mpakani mwa mashamba vinapima mtikisiko wa ardhi. Mtambo una mstari mmoja tu. Mtikisiko ukivuka mstari, honi. Usipovuka, kimya. Kundi la ng'ombe linavuka. Tembo mmoja anayetembea polepole kwenye udongo laini anaweza asivuke. Kwa hiyo tunawaamsha watu kwa ajili ya ng'ombe, na siku tembo akija tutakuwa kimya.

Constantine, meneja wetu, amesema: Matilda, lishughulikie. Sawa. Fundi wa mradi ni mimi peke yangu.

Nafikiria fuzzy logic. Tuliisoma chuoni, nikafaulu, nikaisahau. Kiswahili chake sikijui. Nitaiita mantiki ya kiasi. Mantiki ya kawaida inauliza: ndiyo au hapana? Moja au sifuri? Hii inauliza: kwa kiasi gani? Kati ya sifuri na moja kuna nafasi kubwa sana. Na tembo anapita humo humo katikati.


Ijumaa, 11 Aprili 2025

Leo nimefurahi. Niandike kabla sijasahau.

Mtambo wa namna hii haujifunzi wenyewe. Lazima uufundishe maneno: mtikisiko "mwepesi" ni upi, "mzito" ni upi, hatua za "haraka" ni zipi, za "taratibu" ni zipi. Na maneno hayo yako kwa wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo nikaenda kuwauliza.

— Mwangaluka, mayu! Machibya alinisalimia. Kaniita mayu tangu siku ya kwanza, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Nikamuuliza tembo anatembeaje. Badala ya kujibu akasimama. Akatembea uani, mkono mmoja umening'inia puani kama mkonga! Mkewe, mama Nyanjige, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Basi bibi Shida, jirani yao, alikuwa anapita na kuni. Yeye na Machibya hawasemi vizuri tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Lakini alishindwa kuvumilia. Akatua kuni. Akasema huyo si tembo, huyo ni ng'ombe mwenye mimba! Akatembea yeye. Taratibu, taratibu, mguu unatua kama unauliza ruhusa. Machibya akakubali kwa kichwa. Sote tukacheka, hata wao wawili.

Nikapima hatua zao kwa simu. "Taratibu" ya Machibya si "taratibu" ya Shida. Nani kakosea? Hakuna! Ndiyo maana yake. Niliwaonyesha kibuyu cha maziwa. Asubuhi ni maziwa, jioni ni mtindi. Yaligeuka saa ngapi? Nyanjige akajibu papo hapo: hayana saa, mchana yanakuwa yote mawili. Basi hivyo hivyo. Mchana yale maziwa ni mtindi kwa nusu, na ni maziwa kwa nusu. Nikachora ardhini: si ukuta, ni mteremko. Hatua zikipungua kasi, "taratibu" inapanda kidogo kidogo kutoka sifuri mpaka moja.

Nilikula michembe kwao, vile viazi vitamu vya kukausha. Nimerudi na mingine kwenye mfuko.


Jumatano, 23 Aprili 2025

Inafanya kazi! Inafanya kazi!

Nimeweka kanuni chache, zote za maneno. Kama mtikisiko ni mzito NA hatua ni za taratibu, hatari ni kubwa. Kama mtikisiko ni mzito NA hatua ni za haraka, hatari ni ndogo — hao ni ng'ombe. Na kadhalika. Ile NA inachukua kiasi kilicho kidogo: kama mtikisiko ni mzito kwa 0.8 na hatua ni taratibu kwa 0.5, kanuni inapata nguvu ya 0.5. Mnyororo hauzidi pete yake dhaifu. Kisha kanuni zote zinachanganywa, inatoka namba moja ya mwisho. Namba hiyo ndiyo hatari.

Na sauti sasa ni tatu. Hatari ndogo: kengele — uwe macho. Hatari ya kati: filimbi — ingiza watoto na mifugo. Hatari kubwa: honi — tokeni mashambani.

Jana jioni tembo walipita kweli. Kengele, kisha filimbi, kisha honi, moja baada ya nyingine kadiri walivyosogea. Mtama wa Nyanjige umekanyagwa upande mmoja. Mtu hakuguswa hata mmoja! Machibya kanipigia simu anapiga kelele utadhani ng'ombe wake wamezaa pacha. Wabeja, mayu! Wabeja!

Sijawahi kushukuriwa hivyo kwa hesabu.


Jumatatu, 5 Mei 2025

Kikao na wanakijiji, Constantine akiwepo. Malalamiko. Kengele inalia mno. Watu hawajui wafanye nini wakiisikia. Bujiku, mdogo wake Machibya, alisimama na kusema kwa hasira kidogo: sisi si watu wa shule, tuambieni tu, yupo au hayupo? Wengi wakapiga makofi.

Constantine alinitazama. Wageni wa mradi wanakuja mwezi huu na anataka kitu kinachoeleweka. Sauti moja, Matilda. Honi tu.

Nilibisha. Nilisema ukikata mteremko ukawa ukuta, unarudi kule tulikotoka. Alisema watu wenyewe wameomba. Na ni kweli, waliomba! Tukapatana: honi ilie kuanzia 0.7. Chini ya hapo ujumbe uje kwenye simu yangu, nami nimpigie Machibya nimwambie awe macho.

Nani alitoa wazo hilo la simu? Mimi.

Wakati tunaondoka Machibya alinisindikiza hadi kwenye gari. Alisema kengele ilikuwa inamfaa. Honi inamtoa mtu mbio. Kengele ilikuwa inamfanya ageuze shingo tu. Nikamwambia asijali, kengele sasa ni mimi.


Alhamisi, 15 Mei 2025

Ujumbe 0.35. Nikapiga. Ng'ombe.
Ujumbe 0.5. Nikapiga. Punda wa mtu.
Ujumbe 0.58, niko sokoni na nyanya mkononi. Nikapiga. Ng'ombe wa Bujiku, wanatembea polepole kwa sababu wameshiba!

Honi yenyewe haijakosea hata mara moja. Ikilia, tembo yupo. Kijiji kizima kinaisifu. Wageni wamepiga nayo picha. Bujiku anasema mashine hii haina uongo.

Machibya anapokea simu zangu kwa upole uleule, ila leo alikuwa amekasirika, si kwangu. Kagombana tena na bibi Shida juu ya mpaka. Safari hii mbele ya watu. Shida kamwambia ardhi itamjibu. Maneno ya hasira ya mtu mzima. Nilimwambia ayaache. Alisema ameshayaacha.


Jumamosi, 24 Mei 2025

Sendoff ya Rachel leo! Mdogo wangu anaondoka nyumbani. Mama hajakaa chini tangu alfajiri. Mvua imenyesha usiku na tunaomba isirudie. Nimesuka, kichwa kinauma. Natakiwa kumwingiza Rachel ukumbini, nimshike mkono wa kulia. Ananiita. Baadaye.


Jumapili, 25 Mei 2025

Machibya amefariki.

Nyanjige alipiga asubuhi. Alikuwa anaongea Kisukuma kitupu na mimi nikawa sielewi lugha ya mama yangu. Tembo. Jana jioni, jua likizama. Mzee alikwenda kufunga ndama upande wa ngitili, kwenye malisho yaliyotengwa. Hakujua. Honi haikulia.

Niandike lililobaki. Hapa hakuna anayesoma.

Jana jioni tulikuwa mlangoni mwa ukumbi, MC ameshaanza kututangaza. Simu ikatetemeka. Nilikuwa nimeishika mkononi! Si kwamba sikuona. 0.64. Nilisoma. Nikafikiri: ng'ombe wa Bujiku tena. Nikafikiri: nitampigia tukishakaa. Rachel akanibana vidole, muziki ukaanza, nikatia simu kwenye pochi. Tukaingia tukicheza.

Tukakaa. Ikaja keki. Zikaja zawadi. Sikupiga.

Simu moja. Angegeuza shingo.


Jumatatu, 26 Mei 2025

Tumemzika. Watu wengi sana, na ng'ombe wake wakilia zizini kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwafungulia.

Nyanjige alinikumbatia. Mimi! Alisema mzee alikuwa ananitaja kila siku, anasema ana binti mjini anayempigia kumuuliza hali. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikalia tu. Akadhani ni uchungu wa msiba, akanipangusa uso kwa kanga yake.

Baada ya mazishi wanaume walikaa upande wao. Nilisikia sauti ya Bujiku. Anasema mashine haijawahi kukosea. Tembo akija, inalia. Juzi haikulia. Sasa tembo ambaye mashine haimwoni ni tembo gani? Mtu mmoja akasema: wa kutumwa. Hakuna aliyebisha.

Bibi Shida alikuwa amekaa peke yake karibu na ghala. Kaleta maharage ya msibani. Sufuria yake haikuguswa. Ana macho mekundu, ya moshi wa kuni na uzee, na huku kwetu kila mtu anajua macho mekundu ya bibi kizee yanaitwaje.

Nilipita mbele yake. Nikamsalimia kwa haraka, nikapanda gari.


Jumatano, 28 Mei 2025

Ofisini. Nimerudia hesabu yote kwenye karatasi, kanuni moja moja. Hatua: taratibu kabisa, karibu moja. Mtikisiko: mzito kwa kiasi tu. Udongo ulikuwa umelowa kwa mvua ya usiku, umemeza nusu ya uzito wa yule mnyama. NA ikachukua kilicho kidogo. Ndiyo maana 0.64. Mtambo haukuwa na uhakika, lakini haukuwa kipofu. Ulisema kwa sauti ya chini, na aliyepaswa kusikiliza alikuwa mmoja tu.

Kwa mpango wa zamani, 0.64 ni filimbi.

Nilimweleza Constantine yote, hata ya ukumbini. Alifunga mlango. Akajishika paji la uso. Akasema kosa la sauti moja ni lake pia, hatalikataa. Halafu akasema: lakini kijijini tutasema tukio lilikuwa nje ya uwezo wa kifaa. Usiende kusema mengine. Utasaidia nini? Mzee harudi.

Si mtu mbaya.

Nje ya uwezo wa kifaa. Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima. Inafanana na ukweli kwa kiasi fulani — labda 0.2.


Ijumaa, 30 Mei 2025

Nyanjige kapiga. Sungusungu watakaa Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Ajenda ni bibi Shida. Watamtenga: asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake. Hao ni wale wapole. Kuna vijana wanasema kutenga hakutoshi. Jana wamerusha mawe juu ya bati lake. Mbuzi wake mmoja kakutwa amekatwa mguu.

Nikamuuliza Nyanjige, wewe unaamini? Alisema: mayu, yule mama nimezaa mikononi mwake. Lakini mashine yako ilinyamaza. Ningefikiri nini?

Mashine yangu.

Sasa naliona vizuri nililolitengeneza. Niliwapa kitu kisicho na labda ndani yake. Kikilia, yupo. Kikinyamaza, hayupo. Na mtu aliyekufa mahali ambapo tembo "hayupo" lazima auawe na kitu kingine. Uchawi umekuja kujaza pale nilipopafuta. Kati ya 0 na 0.7 walikuwa hawaoni chochote, kwa hiyo wakaweka kikongwe.

Mama anasema nisiende. Anasema watanigeukia, na Bujiku ana hasira. Rachel kanipigia, nikamwambia ile habari ya mlangoni. Akaanza kulia, anasema: ni vidole vyangu, mimi ndiye niliyekubana. Nikamkatalia. Mdogo wangu asiibebe hii hata kidogo. Sikuweza kumnyamazisha.

Nilikuwa na siku tano za kusema. Nilikumbatiwa na mjane nikanyamaza.


Jumapili, 1 Juni 2025

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya darasa, shuleni Zagayu.

Nilifika kikao kimeshaanza. Constantine hajui kama nimekuja. Wanaume wamejaa madawati ya mbele, fimbo zimelala miguuni. Nyanjige amekaa ukutani na nguo za msiba. Shida hakuwepo — walikuwa wanamjadili kwanza, ndipo aitwe asomewe.

Mtendaji wa kijiji aliniona, akasema mtaalamu amekuja, vizuri, atusaidie. Bujiku akasimama hapo hapo. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka, macho yamevimba. Aliniuliza: dada, sema mbele ya watu. Siku ile mashine ilimwona tembo au haikumwona?

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mteremko, na maziwa, na udongo uliolowa. Vyote vikatoweka. Nikasema: ilimwona.

Kelele! Mtendaji akagonga meza.

Nikasema ilimwona, si kwa uhakika wote. Honi mliomba isilie mpaka iwe na uhakika. Huko chini ya uhakika, mtambo unaniambia mimi, nami nampigia mzee. Siku ile uliniambia. Niliona. Nilikuwa kwenye sherehe ya mdogo wangu. Sikupiga simu.

Nikasema tembo yule alikuwa tembo. Ana nyayo, ana uzito, amepimwa. Hakutumwa na mtu.

Bujiku alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta dawati kwa mkono. Mimi nikamtazama Nyanjige. Ningependa kuandika kwamba alinitazama. Alikuwa anaangalia viganja vyake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kisukuma: siku ile ya mazishi ulipokuwa unalia kwangu, ulikuwa unajua?

Nikajibu ndiyo.

Akajifunika kanga kichwani.

Mzee mmoja akasema huenda mradi umenituma nimkinge mchawi. Mwingine akamkatisha: nani anatumwa kujitia kitanzi mwenyewe? Vijana wa nyuma wakaanza kubishana. Mtendaji akanitoa nje nisubiri wazee washauriane. Hajasema nasubiri nini. Nasikia sauti ya Bujiku, siyasikii maneno. Kuna wakati sauti inapanda, kuna wakati analia.

Dereva ameniashiria tuondoke. Nimekataa.

Bibi Shida anakuja. Ameitwa na mtu, au amechoka kungoja. Anakatiza uwanja wa mpira, peke yake, na kiti chake cha miguu mitatu kichwani. Kaleta kiti chake mwenyewe ili asimlazimishe mtu kukaa naye dawati moja.

Ananisalimia, mwadila. Nimeitika na kusimama, safari hii. Ametua kiti karibu na ngazi, amekaa, anahema. Anauliza huko ndani wanasemaje. Nimemwambia wameambiwa kwamba si wewe, bibi.

Ameangalia mlango, kisha ameniangalia mimi kwa macho yale mekundu.

— Sasa wamesema ni nani?

Mlango umefunguliwa. Wanatuita wote wawili.